Kabla ya Formula 1: Kijana wa Miaka 15 Ndani ya Gari la Kiti Kimoja

Machi 2025, mjini Melbourne, Australia, kijana wa Kiitaliano aitwaye Andrea Kimi Antonelli aliingia katika gari la Mercedes na kuketi kwenye kiti kilichoachwa na Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba. Alikuwa na miaka 18. Leseni yake ya kawaida, ile ya kumruhusu kuendesha gari barabarani kama watu wengine, alikuwa ameipata miezi michache tu kabla. Katika mbio zake za kwanza kabisa za Formula 1 alimaliza wa nne.

Vijana wetu waliotazama mbio hizo walitujia na swali zuri: mtu ambaye jana tu amepewa leseni ya barabarani, amejifunzia wapi kuendesha gari la namna ile? Nyuma ya swali hilo, kama kawaida ya vijana, kulikuwa na la pili ambalo mmoja wao alilisema kwa sauti ya chini: je, na mimi ningeweza? La kwanza ni rahisi kulijibu. La pili linahitaji nafasi zaidi, nasi tutajaribu kulijibu bila kumdanganya mtu.

Antonelli alianza kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio vinavyokaa karibu na ardhi, akiwa mtoto. Septemba 2021, mara tu baada ya kutimiza miaka 15, alihamia kwenye gari lake la kwanza la kiti kimoja katika mashindano ya Formula 4 ya Italia. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa Italia na wa Ujerumani kwa pamoja. Watu wengi wanaotazama langalanga kwenye televisheni hawaijui kabisa ngazi hii ya Formula 4, na ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, kwa sababu ndipo mchezo wa mtoto unapogeuka kuwa kazi, na ndipo familia nyingi zinapogundua bei yake.

Tuanze na gari lenyewe. Gari la kiti kimoja ni lile lililoundwa kwa ajili ya dereva peke yake, akiwa katikati, magurudumu yote manne yakiwa nje ya bodi bila kufunikwa. Gari la Formula 4 lina kibanda cha dereva kilichotengenezwa kwa nyuzi za kaboni, bawa mbele na bawa nyuma, gia sita zinazobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, na injini ndogo yenye nguvu za farasi zipatazo 160 hadi 180. Nguvu hiyo si ya kutisha. Magari mengi ya kifahari yanayopita mitaani yanayo zaidi. Lakini gari lenyewe ni jepesi sana, na kwenye sehemu iliyonyooka hupita kilomita 200 kwa saa.

Tofauti yake na gokati ni kubwa kuliko inavyoonekana. Gokati haina springi wala shokapu. Haina difu: magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja inayozunguka kwa pamoja, kwa hiyo ili ikate kona vizuri, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo. Dereva wa gokati anaendesha kwa mwili mzima. Akiinama huku, kigari kinahisi. Sasa mchukue mtoto huyo aliyezoea hivyo kwa miaka saba, mfunge kwa mikanda ndani ya kibanda asiweze kusogea hata kidogo, mpe gari lenye springi linaloinama mbele akikanyaga breki na kukaa nyuma akikanyaga mafuta. Mwili wake hauna kazi tena. Anachobaki nacho ni mikono, miguu, macho, na kile anachokisikia kupitia kiuno chake. Wengi waliokuwa wafalme wa gokati hupotea hapa kwa miezi kadhaa, na wengine hawaonekani tena.

Jambo gumu zaidi kulijifunza ni breki. Mabawa ya gari la mbio hufanya kazi kinyume cha bawa la ndege: badala ya kuinua, yanakandamiza. Mkandamizo huo hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiwa maradufu, mkandamizo unakuwa mara nne. Maana yake ni kwamba gari linapokuja kwa kasi kubwa, matairi yanashika lami kwa nguvu sana na dereva anaweza kukanyaga breki kwa mguu wake wote. Lakini kadiri gari linavyopunguza mwendo, mabawa yanaacha kukandamiza, matairi yanashika kidogo zaidi, na breki ile ile iliyokuwa salama sekunde moja iliyopita sasa itafunga magurudumu. Kwa hiyo dereva hukanyaga mara moja kwa nguvu zote, kisha huachia polepole huku akianza kugeuza usukani, mguu ukipungua kadiri mkono unavyoongezeka. Haya yote hutokea katika muda wa kutamka neno moja, na yanarudiwa kila kona, kila mzunguko, huku mwenzako akitafuta upenyo ubavuni mwako. Tena gari hili halina pawa stelingi. Mabega na shingo vinauma, na kijana wa miaka 15 ambaye hajajenga misuli huanza kufanya makosa dakika za mwisho, pale pale mbio zinapoamuliwa.

Formula 4 haikuwa ya kwanza kuwa shule ya namna hii. Mwaka 1967 Waingereza walianzisha Formula Ford kwa wazo la kimasikini, nalo neno hilo tunalitumia kwa sifa. Wenye shule za udereva wa mbio walichoka kununua injini na matairi ya mashindano, vyote ghali na vya kuharibika haraka. Wakachukua injini ya gari la kawaida la Ford, wakavika gari matairi ya barabarani, wakaweka sharti kwamba gari zima lisizidi bei ya pauni 1,000. Halikuwa na mabawa. Ilikuwa ni dereva, gia na matairi yanayoteleza. Katika shule hiyo walipita Nigel Mansell, Jenson Button, na Ayrton Senna, ambaye mwaka 1981 alitoka Brazil kwenda Uingereza ili aendeshe gari hilo hilo. Alipita pia Jody Scheckter wa Afrika Kusini, aliyekwenda Ulaya kwa zawadi waliyopewa madereva chipukizi wa nchi yake, na mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia wa Formula 1 akiwa na Ferrari. Mpaka leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeupata ubingwa huo.

Miaka ilipopita, ngazi za chini zikawa vurugu. Kila nchi na kila kampuni ilikuwa na mashindano yake, mtoto akimaliza hapa hajui aende wapi. Ndipo mwaka 2014 shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, likaanzisha Formula 4: kanuni moja kwa dunia nzima, magari yanayofanana katika kila mashindano, injini iliyozuiwa isikorogwe na timu yenye fedha, na umri wa kuanza uwe miaka 15. Italia ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuandaa mashindano hayo, na bingwa wake wa mwaka huo alikuwa Lance Stroll wa Kanada. Mwaka 2015 Uingereza iliweka Formula 4 mahali pa Formula Ford, na bingwa wake wa kwanza akawa Lando Norris. Majina haya mawili yanajulikana kwa kila anayefuatilia Formula 1 leo.

Baada ya Formula 4, njia inakwenda hivi: Formula Regional, yenye magari ya nguvu za farasi karibu 270, kisha Formula 3, karibu 380, kisha Formula 2, zaidi ya 600, halafu Formula 1 yenyewe. Zamani ngazi ziliweza kurukwa. Max Verstappen hakupita Formula 4 kabisa. Alitoka kwenye gokati, akafanya msimu mmoja wa Formula 3 mwaka 2014, na mwaka 2015 alikuwa ndani ya Formula 1 akiwa na miaka 17. Wakubwa walishtuka. Kuanzia 2016 anayetaka leseni kuu, ile ya kuingia Formula 1, alitakiwa awe na miaka 18 na awe amekusanya pointi 40 katika misimu mitatu ya mashindano ya chini. Siku hizi FIA inaweza kumruhusu kwa idhini maalumu kijana wa miaka 17, lakini pointi ziko pale pale. Bingwa wa Formula 4 ya taifa hupewa pointi 12. Piga hesabu: hata angetwaa ubingwa mmoja kila mwaka kwa miaka mitatu angebaki na 36. Formula 4 inakupa ufunguo wa mlango wa pili tu.

Fedha

Nia ya FIA ilikuwa gharama ziwe nafuu, na kwa upande wa gari walijitahidi. Magari ni sawa, kwa hiyo hakuna wa kununua injini bora kuliko ya jirani. Lakini ukifunga mlango mmoja, fedha huingia kwa dirishani. Kama magari ni sawa, anayefanya mazoezi siku nyingi ndiye atakayekuwa na kasi. Kwa hiyo familia zenye uwezo hununua siku za mazoezi. Zinanunua saa za kukaa kwenye mashine ya kuigiza mbio. Zinalipa mhandisi mzuri, mwalimu wa udereva, mwalimu wa mazoezi ya mwili. Januari, Ulaya ikiwa na theluji, zinampeleka mtoto Falme za Kiarabu kushindana kwenye viwanja vya Dubai na Abu Dhabi, ili Italia ikianza wengine wakiwa bado wanapasha misuli, yeye ameshakimbia mbio zaidi ya kumi. Na mtoto akigonga ukuta, bawa, magurudumu na pengine kibanda kizima ni bili ya nyumbani.

Katika timu inayoshindania ubingwa wa Italia, msimu mmoja unahesabiwa kwa laki kadhaa za yuro. Kwa msomaji wetu, yuro laki moja tu ni zaidi ya shilingi milioni 250 za Tanzania. Ubingwa wa Ujerumani, ulioanza 2015, ulifungwa baada ya msimu wa 2022 kwa sababu washiriki walikuwa wachache mno. Antonelli ndiye bingwa wake wa mwisho.

Wazazi wamefanya mambo ya ajabu kwa ajili ya mchezo huu. Nigel Mansell na mkewe waliuza nyumba yao mwaka 1978 ili alipie mbio chache za Formula 3, na fedha ziliisha haraka. Wazazi wa Esteban Ocon wa Ufaransa waliuza nyumba, wakawa wanaishi ndani ya karavani na kuzunguka nalo kutoka uwanja hadi uwanja. Anthony Hamilton, mtoto wa wahamiaji kutoka Grenada, alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mwanawe Lewis aendelee kuendesha gokati kuukuu. Mwaka 1995 Lewis, mwenye miaka 10, alimwendea Ron Dennis, mkuu wa McLaren, katika hafla ya tuzo na kumwambia kwamba siku moja angependa kuendesha magari yake. Mwaka 1998 McLaren na Mercedes walianza kumlipia.

Simulizi hizi huwa zinasimuliwa kwa sababu ziliishia vizuri. Hatusikii kuhusu nyumba zilizouzwa na mtoto asifike. Nasi tunakiri kwamba tunaposoma habari ya akina Ocon tunafurahi, lakini moyo unasita: kama yule mtoto angeshindwa, angelibebaje lile karavani mgongoni mwake maisha yake yote?

Kwa hiyo turudi kwenye hesabu, maana hesabu haina huruma lakini haidanganyi. Chukua mabingwa tisa wa kwanza wa Formula 4 ya Italia, 2014 hadi 2022. Hao si washiriki, ni mabingwa, wakali kuliko wenzao wote wa mwaka wao katika mashindano yanayoheshimiwa kuliko mengine. Waliopata kiti cha kushindana katika Formula 1 ni watatu: Stroll, Oliver Bearman na Antonelli. Stroll ni mtoto wa bilionea. Baba yake Antonelli anamiliki timu ya mbio, na Mercedes walimchukua mwanawe akiwa bado kwenye gokati. Mwaka 2016 bingwa alikuwa Marcos Siebert wa Argentina. Aliyemfuata nafasi ya pili alikuwa Mick Schumacher, mtoto wa Michael. Mwaka 2021 aliyekuwa kwenye gari la Formula 1 alikuwa Mick. Hatusemi Mick hakuwa na kipaji, kwani alitwaa ubingwa wa Formula 2 kwa jasho lake. Tunasema tu kwamba yule aliyemshinda hakuonekana pale.

Wengine hawakupotea, na hili nalo lisemwe. Bingwa wa 2017, Marcus Armstrong wa New Zealand, anaishi kwa kuendesha magari ya IndyCar huko Marekani. Wapo wanaoshindana katika mbio za saa 24, wapo wanaofundisha, wapo waliokuwa madereva wa kawaida wakawa wahandisi wazuri. Sisi tunaoishi katika nyumba ya malezi hesabu ya namna hii haitushangazi. Tunajua wanaoingia kidato cha kwanza ni wangapi, na wanaofika mwisho ni wangapi, na tunajua pia kwamba wale waliotoka njiani si watu walioharibika, mradi wawe wamesoma.

Ndiyo maana jambo la shule linatugusa. Oscar Piastri, aliyeanza magari ya kiti kimoja katika Formula 4 ya Falme za Kiarabu msimu wa 2016–17, aliondoka kwao Melbourne akiwa na miaka 14 kwenda kusoma shule ya bweni Uingereza ili awe karibu na viwanja vya mbio. Aliendelea na fizikia na hisabati huku akishindana. Antonelli naye alifanya mtihani wake wa mwisho wa sekondari katikati ya mwaka 2025, akiwa tayari dereva wa Mercedes, akijisomea kati ya mbio na mbio. Kwa maoni yetu, mzazi anayemtoa mtoto shuleni akiwa na miaka 15 kwa sababu ana kasi kwenye gokati anacheza kamari na mali isiyo yake.

Na kuna hatari ya mwili. Dominika ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 2017, katika uwanja wa Donington Park, Uingereza, kijana Billy Monger mwenye miaka 17 aligonga kwa nyuma gari lililosimama njiani ambalo hakuliona kwa sababu ya magari yaliyokuwa mbele yake. Alikatwa miguu yote miwili. Ilikuwa mbio za Formula 4, ngazi ya wanafunzi. Mwaka uliofuata alirudi akiendesha Formula 3 kwa gari lililorekebishwa kulingana na hali yake, na mwaka 2019 akashinda mbio za Pau, Ufaransa. Magari mapya ya Formula 4 yaliyoanza kutumika 2022 yana halo, ule upinde imara unaokinga kichwa cha dereva. Hatari imepungua. Haijaondoka.

Wasichana nao wamefunguliwa mlango rasmi. Mwaka 2023 Formula 1 ilianzisha F1 Academy, mashindano ya wasichana peke yao yanayotumia magari ya aina ya Formula 4. Katika mwaka huo wa kwanza waandaaji waliweka yuro 150,000 kwa kila gari, na dereva alitakiwa kuleta kiasi kama hicho. Abbi Pulling, aliyekuwa bingwa wa 2024, mwaka huo huo alikwenda kwenye Formula 4 ya Uingereza, ambako wavulana na wasichana hushindana pamoja, akawa msichana wa kwanza kushinda mbio huko.

Na sisi je?

Afrika Mashariki ni nchi ya rali. Tangu 1953 Safari Rally imewafundisha watu wetu kupenda magari yanayoruka vumbi na kuvuka matope, na watoto wa Naivasha wanajua majina ya madereva wa rali kuliko ya wachezaji wa mpira. Lakini rali inatumia barabara zilizopo. Mbio za kiti kimoja zinataka uwanja wenye lami laini, kuta, nafasi za kukimbilia gari likitoka njiani, na hospitali karibu. Viwanja hivyo hatuna, wala hatuna ubingwa wa Formula 4. Mbio za Formula 1 zenyewe hazijafanyika barani Afrika tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Desemba 2024, wakati FIA ilipofanya mkutano wake Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuziandaa. Uwanja ukijengwa, utakuwa na mbio za Formula 1 siku tatu kwa mwaka. Kwa mtoto wa huku, siku nyingine zote zilizobaki ndizo muhimu zaidi: gokati zitakodishwa kwa bei gani, na nani ataruhusiwa kufanya mazoezi.

Kwa sasa, njia iliyo karibu zaidi na mtoto wa Dar es Salaam, Mombasa au Kigali ni ile ya kupitia Falme za Kiarabu, safari ya ndege ya saa tano au sita. Njia ni fupi kwa ramani tu. Gari, timu na matairi vinalipiwa kule kama vinavyolipiwa Italia.

Tulipomaliza kueleza haya yote, yule kijana aliyeuliza kwa sauti ya chini alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza: yule fundi anayebadilisha bawa la mbele gari likirudi limevunjika, yeye analipwa na nani? Tukamjibu, analipwa na timu. Na timu inalipwa na nani? Na baba yake dereva. Akacheka, akataka kujua ufundi ule unasomewa wapi.